Mwisho Aliojitungia Habiba

Katika chumba cha ushonaji cha Habiba, ghorofani juu ya duka la vitambaa hapa Eldoret, kuna kazi ambazo haziguswi asubuhi. Vifungo, pindo za sketi, beji za shule, ndoano za rinda: vyote hutupwa ndani ya beseni la bluu chini ya meza ya kukatia, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni amenuna. Hutolewa baada ya Habiba kuswali alasiri. Anakunja mkeka, anarudi kitini na kusema neno moja: "Zima." Cherehani zinanyamaza. Kila mtu anachomoa sindano aliyoichomeka kifuani, anachukua kazi yake ya mkono, na kitabu kinafunguliwa.

Mazoea hayo yalianza mwaka ule stima ilipokuwa ikipotea karibu kila siku. Mama yangu, Linah, hushona pale. Alasiri moja nilimpelekea mwavuli, nikawakuta yeye na Nekesa, fundi mwenzake, wamekaa wakisikiliza mvua ikipiga mabati, cherehani zimekufa mbele yao. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi sijapata, na mkobani hakukosi kitabu. Nikaketi dirishani nikaanza kusoma kimya.

"Si utusomee, Diana," Nekesa akasema, "badala ya kujisomea pembeni kama mchoyo?"

Nilisoma nimeuelekea ukuta, kwa sababu sipendi kutazamwa. Stima iliporudi, Nekesa akarudisha mguu kwenye pedali. Habiba akamtazama tu. Kisha akaniambia mimi, "Maliza kwanza huo mlango wa kitabu." Tangu siku hiyo, stima iwepo isiwepo, saa ya kazi ya mkono ni saa ya kitabu.

Habiba ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyosamehe uzi uliolegea. Nguo ikikamilika huigeuza nje ndani kabla ya kuitazama mahali pengine popote. "Nguo husema ukweli upande wa ndani," husema. Nimemwona akimrudishia mama yangu suruali moja tena na tena, na mama yangu ni mkubwa kwake kwa miaka mingi. Mama hunung'unika kwa Kinandi, kisha hufumua.

Alizaliwa hapahapa mjini. Baba yake aliendesha malori ya kwenda Lodwar na kupita mbele zaidi; mama yake aliuza leso na mitandio. Habiba alipokuwa kidato cha pili, mama yake aliwatuma dukani, yeye na mdogo wake Hafsa, aliyekuwa na miaka minne. Alisimama mlangoni akasema, "Mshike mdogo wako mkono. Usimwachilie, magari ni mengi." Waliporudi walikuta majirani wamejaa uani. Moyo wa mama ulikuwa umesimama, bila kuugua, bila kuaga. Maneno ya mwisho ambayo Habiba alisikia kwa mama yake yalikuwa ya kuvuka barabara, na aliyachukua kama wasia.

Hakurudi shuleni. Alijifunza kushona kwa jirani, na Hafsa akakulia chini ya cherehani, akilala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Hadi mwaka jana Hafsa ndiye aliyekuwa mkataji wa chumba kile. Ana miaka ishirini na mitatu, mcheshi, mwepesi wa mkono, na humwita dada yake abaayo, kama Wasomali wanavyowaita dada zao. Mbele za watu hawakumbatiani. Lakini wakivuka barabara ya sokoni, Habiba bado humshika mdogo wake mkono, na Hafsa, mwanamke mzima, hukubali kushikwa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilipata kitabu kimoja kwenye rundo la vitabu vya mtumba kando ya barabara. Jalada lilishikiliwa na selotepu. Lilikuwa na picha ya geti la reli na wasichana watatu wamekaa juu yake. Nilipokitoa mkobani, Habiba aliweka mkasi chini na kukipokea kwa mikono miwili.

"Hiki," alisema. "Hiki tulikisoma kidato cha pili."

"Ndicho kile cha hadithi yako?" Hafsa akauliza.

"Ndicho."

Ni riwaya ya zamani, nyembamba, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Mzee mmoja hulinda geti mahali reli inapokata barabara. Treni ikikaribia, hufunga barabara, punda na mikokoteni husubiri, naye huinua kibendera cha kijani ili treni ipite. Ana binti watatu. Macho yake yanapoanza kufifia, binti mkubwa huchukua kazi ya geti bila kutangaza, ili baba asifukuzwe. Wa kati huolewa na mwenye mkokoteni. Mdogo hukaa juu ya geti akiwapungia abiria, hadi siku ambayo kupunga hakumtoshi tena.

Hakuna mengine makubwa. Hakuna vita wala hazina. Kuna ugomvi wa nani amevaa viatu vya nani, kuna sufuria iliyoungua kwa sababu mtu alikuwa akitazama treni, kuna binti wa kati anayelia harusini kwa kuwa amegundua hatalala tena katikati ya dada zake. Lakini tangu ukurasa wa kwanza chumba kizima kilishikwa. Muuzaji wa zipu wa chumba cha pili alianza kuja na kiti chake. Mama yangu, ambaye husinzia katika kila hadithi, hakusinzia.

"Huyu wa Kati ni mimi kabisa," alisema. "Niliolewa Moiben kwa furaha, na siku ya kwanza nikalia kwa sababu kitanda kilikuwa kikubwa."

"Wewe, Mama Diana? Ulilia?" Nekesa akacheka. "Mimi ni Mdogo. Langas nzima inajua mimi ni Mdogo. Ningepanda hiyo treni na nguo za ndani tu."

"Na ungerudi kesho kuomba chumvi."

"Ningerudi na gunia la chumvi!"

Nilizoea kufikiri kwamba kitabu kama hiki kinapendwa kwa sababu mtu anajiona ndani yake. Kuwasikiliza kulinionyesha kwamba ni zaidi ya hapo. Mama alisema kwamba angekisoma akiwa msichana angempenda Mdogo. Sasa anamwelewa hata yule baba kipofu anayejifanya anaona. Kitabu kinakaa palepale, watu ndio wanaohama kutoka kwa dada mmoja hadi mwingine.

Habiba hakuhama. Yeye alikuwa Mkubwa, na kila mlango ulipoisha aliuma uzi na kusema, "Ngojeni mwisho. Mwisho wake naujua."

Na mwisho huo, mwezi ule, haukuwa mzaha. Hafsa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi Isiolo, mji ambao mama yao mdogo anaishi. Alikuwa ametuma maombi kwa simu bila kumwambia dada yake, akidhani hawatamchukua. Wakamchukua. Alitakiwa kuripoti mwanzo wa mwezi wa tisa, na asingekwenda bila ruhusa ya Habiba. Si kwa kuogopa. Hangeweza tu, kama mtu asivyoweza kula wakati aliyempikia amesimama.

Aliomba mbele yetu sote, akiwa ameshika mkasi.

"Hapana," Habiba alisema.

"Abaayo, mama mdogo yupo kule. Nitalala kwake."

"Na hapa atakata nani?"

"Nekesa anaweza kujifunza."

"Usinitie mimi," Nekesa akasema haraka, ameinamia kifungo.

"Hafsa, hadithi ya geti nimekusimulia tangu ukiwa hivi." Habiba alionyesha urefu wa meza. "Mdogo alipanda treni. Mkubwa akaficha kibendera cha kijani. Treni ikasimama, Mdogo akashushwa, akalia siku moja, na baadaye akashukuru. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema, isimulie tena, abaayo."

Hafsa alikata kola tano siku hiyo, zote sawasawa, bila kutania mtu.

Basi tuliendelea kusoma, na sasa kila mmoja wetu alisikiliza kwa masikio mengine. Mwezi wa nane ulifika na msimu wa sare za shule. Chumba kilijaa mashati meupe mpaka juu ya vichwa vya cherehani. Nilidhani Habiba angesimamisha kusoma. Alikataa. "Beji zitashonwa na nani, na cherehani itazikunja?" Alikuwa na haraka ya kufika mwisho, nadhani. Alitaka kitabu chenyewe kimsemee.

Tulifika mlango wa mwisho siku ya Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha mapema, kwa hiyo sauti yangu ilisikika. Habiba alijitwalia rundo la mashati ya shule moja ya mtaa wa Pioneer, kazi ya kushona beji juu ya mfuko wa kifua. Hafsa alikaa chini, miguu chini ya meza, kando ya kapu alilolalia utotoni.

Nilisoma. Mdogo anaondoka alfajiri, anatembea hadi stesheni ya juu na kupanda. Wanawake wa kijiji wanamjia Mkubwa getini na kumshauri: usiinue kijani. Inua chekundu. Treni itasimama, tumshushe, mambo yaishe. Mkubwa ana vibendera vyote viwili kwapani. Treni inatoka kwenye kona.

Anainua cha kijani.

Nilisikia sindano ya mtu ikisimama. Niliendelea, nimeuelekea ukuta wangu. Mkubwa anashikilia kibendera juu mpaka mkono unauma, mpaka behewa la mwisho linapita, na katika madirisha yote haoni uso wa ndugu yake, kwa sababu ni mengi na yanakwenda upesi. Kisha anafungua geti. Punda na mikokoteni iliyosubiri inavuka, mtu mmoja anamlaumu kwa kuchelewesha watu. Anaingia ndani kumchemshia baba chai, na baba anamwuliza, imepita salama? Anasema, imepita salama. Hapo ndipo kitabu kinaishia.

Muuzaji wa zipu alijifuta pua.

"Hicho kimebadilishwa," Habiba alisema.

"Kimebadilishwa vipi?" mama yangu akauliza.

"Wamechapa upya. Siku hizi wanabadilisha vitabu. Cha zamani hakikuwa hivyo."

Nilifungua ukurasa wa mbele na kumwonyesha mwaka wa kuchapwa. Kilikuwa kikubwa kwake kwa umri. Aliutazama muda mrefu, akalirudia rundo lake. Mkono wake ulikwenda mbio, beji baada ya beji, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa pale, nimeitwa kusaidia kukunja nguo. Mwalimu Vincent wa ile shule ya Pioneer alikuja kuchukua mashati. Alisifu ushonaji, akajipima shati moja juu ya koti lake, na kwa mazoea ya walimu akatoa kalamu ili aichomeke mfukoni. Kalamu ilikataa. Akajaribu kidole. Kidole pia kilikataa.

"Mama Habiba," alisema kwa upole, "huu mfuko ni wa urembo tu?"

Habiba alilinyakua shati na kuligeuza nje ndani. Sindano ilikuwa imepita beji, ikapita mfuko, ikashika mpaka kitambaa cha kifua. Mfuko ulikuwa umeshonwa ukafungika. Aligeuza la pili. La tatu. Rundo zima alilolishona jana lilikuwa hivyo, mishono mizuri, iliyokaza, ya mtu asiyejua anachofanya.

Nekesa alifungua kinywa. Mama yangu akamkanyaga mguu.

"Rudi kesho, Mwalimu," Habiba alisema. Hakuomba radhi kwa maneno; alimpa kiti, akamwagizia chai, na mwalimu akanywa akaondoka akiwa mpole vilevile.

Beji haziwezi kufumuliwa na cherehani. Ni wembe tu na subira. Habiba alikaa chini kwenye mkeka, na kabla hajashika shati la kwanza, Hafsa alikuwa ameketi mbele yake na wembe mwingine. Mmoja alivuta kitambaa kikakaza, mwingine akapitisha makali kati ya uzi na uzi. Sisi wengine tuligeukia kazi zetu, lakini hakuna aliyekanyaga pedali.

"Abaayo," Hafsa alisema baada ya shati la pili. "Hukuwahi kufika mwisho wa kile kitabu."

Habiba alipuliza nyuzi kutoka kwenye beji. "Kilikuwa kimoja kwa wasichana sita. Tulikipeana kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa wiki ile tuliyomzika mama."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Nilimaliza mwenyewe." Akavuta kitambaa. "Ulikuwa unalia unataka hadithi. Ulikuwa na miaka minne, mama yako hayupo. Ningekuambia nini? Kwamba anaondoka?"

Waliendelea kufumua. Nje, mwenye mkokoteni wa viazi alikuwa akigombana na mtu.

"Na nilichukia," Habiba aliendelea, kama anayezungumza na shati, "hadithi zote zinamfuata anayekwenda. Amefika wapi, amekula nini, ameona nini. Anayebaki, hakuna anayemwuliza. Jana nilikuwa nangoja kitabu kipande treni." Akang'oa uzi uliokatika. "Hakikupanda. Kilibaki na yeye pale getini. Mpaka chai."

"Mpaka chai," Hafsa akarudia.

"Mama aliniambia nikushike mkono. Nisikuachilie."

Hafsa aliweka wembe chini. "Tulikuwa tunavuka barabara, abaayo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Alisema unishike mkono tuvuke. Tumevuka. Ulinivusha."

Habiba hakulia, si mtu wa kulia mchana mbele ya wafanyakazi. Aliingiza vidole viwili ndani ya mfuko aliomaliza kuufumua, akavichezesha ndani yake kuona kama umefunguka wote. Alilikunja lile shati, akaliweka kando, akachukua lingine.

"Wauguzi," alisema, "sare zao zina mifuko wapi?"

Hafsa alimtazama. "Kifuani mmoja. Pembeni miwili."

"Kile kitambaa cheupe kizito kiko rafu ya juu. Kikate wewe mwenyewe, leo, kabla sijabadili mawazo. Nitashona mimi."

"Na usiifunge mifuko," Nekesa akasema kutoka kwenye pembe yake, na mama yangu akachelewa kumkanyaga. Habiba akamrushia rili ya uzi. Ilimpata begani. Ndipo chumba kizima kikacheka, hata Habiba, akiwa ameficha uso nyuma ya shati la mtoto wa watu.

Mwanzo wa mwezi wa tisa Hafsa aliondoka. Habiba alimshika mkono mpaka mlangoni mwa basi, wakavuka barabara mbili, na sitasema zaidi kwa sababu nilikuwa nimebeba sanduku na sikuwatazama. Ninachojua ni kwamba kutoka pale alirudi moja kwa moja chumbani, akawafungulia wateja waliokuwa wakisubiri ngazini. Mmoja alimlaumu kwa kuchelewa. Mama yangu alikuwa ameshachemsha chai.

Si kila kitu kimekuwa rahisi. Nekesa ndiye anayekata sasa, na kuna kwaya moja iliyovaa sketi fupi kuliko ilivyoagiza. Habiba ameanza kukohoa kwa hasira anapoona lile kapu la zamani la Hafsa limekaa tupu chini ya meza, lakini hataki liondolewe.

Wiki ya kwanza hatukusoma. Wiki ya pili Habiba alikunja mkeka, akasema "Zima," na nikatoa mkobani riwaya mpya niliyoazima. Akatikisa kichwa.

"Kile."

"Tumekimaliza," nikasema.

"Ninyi mmekimaliza. Mimi nilikuwa nasoma changu. Anza mwanzo."

"Na safari hii wewe ni nani?" Nekesa akamchokoza. "Bado Mkubwa?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kianzwe."

Kabla sijafungua, alitoa simu yake, akapiga, akaiweka juu ya meza ya kukatia, ikiwa imeegemea mkebe wa vifungo, sauti imefunguliwa yote. Kutoka Isiolo tulisikia mlango ukifungwa, kicheko cha wasichana, kisha Hafsa: alikuwa ametoka darasani sasa hivi, miguu inamwuma, na mfuko wa kifuani unabeba kalamu tatu bila shida.

Mama yangu akatunga uzi. Muuzaji wa zipu akaingia na kiti chake. Nekesa, aliyekuwa amebakiza mshono mmoja, akarudisha mguu kwenye pedali kwa siri. Niliugeukia ukuta wangu, nikasoma sentensi ya kwanza, ile ya wasichana watatu wakibishana nani amesikia treni kabla ya wenzake, na sikufika mwisho wake.

"Nani anashona huko?" simu ikasema. "Abaayo! Mwambie Nekesa azime cherehani, sisikii."